Barua Pepe ya Mama Iko kwa Kijana wa Saiba

Silabasi tuliyopewa ilianza na sehemu za kompyuta: hii skrini, hii kibodi, hiki kipanya. Ikafuata kuwasha na kuzima, halafu Word, halafu Excel, na mwisho PowerPoint, ambayo sikuwahi kujua nani kijijini kwetu angeitumia na katika kikao kipi. Ukimaliza unapewa cheti cha pakeji. Mimi ni mwalimu wa kituo cha kompyuta cha umma huku Kilifi, pwani ya Kenya, na silabasi hiyo niliifundisha kwa moyo, maana vijana waliomaliza kidato cha nne waliitaka. Cheti cha pakeji huambatishwa kwenye barua ya kuomba kazi, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi akikiona anajua huyu angalau hataiogopa mashine.

Watu wazima ndio walionitatiza. Walikuwa wakifika, wanasimama mlangoni, wanauliza kitu kimoja, wanaondoka. Hakuna aliyeuliza Excel. "Mwalimu, hapa mnatoa pini ya KRA?" "Mwalimu, hapa mtu anaweza kuomba cheti cha kuzaliwa cha mtoto?" Maagizo yalikuwa kwamba sisi ni wa mafunzo; huduma, ikiwemo hiyo pini ya mlipakodi ya mamlaka ya mapato, KRA, ziko saiba, kwenye maduka ya intaneti ya kulipia. Basi tukiwaelekeza saiba, mita chache mbele karibu na stendi ya bodaboda, na huko wakilipa Sh200, wanapewa karatasi iliyochapishwa, wanarudi nyumbani. Kompyuta zetu zilizonunuliwa kwa kodi yao zikabaki zimewashwa, hazina mtu.

Serikali imelijaribu jambo hili kwa majina mengi. Mwaka 2009, nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, ilikuja mipango ya vituo vya Pasha: mfanyabiashara wa kijijini anapewa mkopo, anafungua kituo, watu wanapata huduma na mafunzo papo hapo. Vingine vilidumu, vingine vikafungwa kimya kimya. Baada ya hapo ikaja Ajira Digital ya kuwafundisha vijana kazi za mtandaoni, kisha vituo vya ubunifu vya maeneo bunge. Siku hizi mpango unaozungumzwa ni kituo cha kidijitali katika kila wadi, na wadi za nchi nzima ni 1,450. Sina ugomvi na mipango hiyo. Mmoja wapo ndio unaonilipa, ingawa si kila mwezi kwa tarehe.

Ila huku upande wa mafunzo ukienda kwa mwendo wake, upande wa huduma ulikuwa umeshapiga mbio. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Pasipoti, cheti cha tabia njema, leseni, vyeti vya kuzaliwa, vyote vikawa nyuma ya mlango mmoja, na malipo yote kwenye namba moja ya 222222, pamoja na ile Sh50 ya huduma juu yake. Kwa mtu wa Nairobi mwenye simu nzuri ni raha tupu. Lakini sensa ya 2019 ilikuwa imeonyesha kwamba kati ya Wakenya wa miaka mitatu kwenda juu, waliotumia intaneti ni asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta ni asilimia 10.4. Hata tukisema idadi hiyo imepanda tangu hapo, na imepanda kweli, bado ni wengi waliohamishiwa kwenye jengo ambalo hawajui linaingiliwa wapi.

Kwa hiyo wakaingilia kwa kijana wa saiba.

Nilianza kuelewa uzito wa jambo hilo kwa sababu ya mama mmoja wa kikundi cha kusuka makuti. Kikundi chao kilitaka kufungua akaunti ya benki, na benki ikataka pini ya KRA ya kila mweka saini. Yeye ndiye mweka hazina. Tukaingiza namba ya kitambulisho chake kwenye mfumo, na mfumo ukasema kitambulisho hicho tayari kina pini. Mama akakana kabisa. "Mimi, mwalimu? Sijaomba kitu kama hicho mimi." Tukiwa tunazungumza akakumbuka: miaka ya nyuma, walipokuwa wanagawana shamba la marehemu baba yao, alipelekwa saiba na kaka yake, akatoa kitambulisho, akapiga picha, akaondoka. Pini ilifunguliwa siku ile. Barua pepe iliyotumika ilifunguliwa siku ile ile. Paswadi aliijua kijana wa saiba, namba ya simu ya kurejesha akaunti ilikuwa ya kijana wa saiba, na kijana mwenyewe alikuwa ameshaenda zake Qatar kufanya kazi ya ulinzi.

Ubaya wa pini ni kwamba haikai bure. Ukiwa nayo, kwa kawaida unatakiwa kutuma ritani, yaani taarifa ya mapato yako kwa ajili ya kodi, kila mwaka kufikia tarehe 30 Juni, hata kama hukupata senti. Usipotuma, faini ni Sh2,000 kwa kila mwaka uliopita. Yule mama alikuwa akidaiwa na serikali kwa pini asiyojua kuwa anayo, na kila tulipobonyeza "nimesahau paswadi", ujumbe ulikwenda kwenye sanduku la barua lililofunguliwa na mtu aliyeko Doha. Ilibidi asafiri hadi ofisi yenyewe na kitambulisho chake ili barua pepe ibadilishwe. Nauli ya kwenda na kurudi, siku moja bila makuti, na makaribisho ya ofisini unayajua.

Baada yake nikaanza kumuuliza kila mtu mzima aliyeingia: una barua pepe? Wengi walisema hawana. Tukitazama, wanazo. Wengine wanazo tatu, maana kila walipokwenda saiba kwa shida mpya walifunguliwa mpya. Ya zamani hakuna aliyeikumbuka. Jina la mtu, mwaka, tarakimu mbili tatu za kubahatisha. Ya pini ni moja, ya eCitizen nyingine, na ile ya ombi la basari la mtoto haijulikani ilipo.

Nisieleweke vibaya kuhusu hawa vijana wa saiba. Mitaa yetu ingekuwa hoi bila wao. Wanafungua saa moja asubuhi, wanafunga usiku, wanamsaidia mzee asiyeona vizuri na mama mwenye mtoto mgongoni, na Sh200 wanayotoza inalipa kodi ya chumba, stima na bando. Tena baadhi yao ni wanafunzi wetu. Walipita hapa hapa wakapata cheti cha pakeji. Wanaziandika paswadi za wateja kwenye daftari la kurasa mia mbili kwa sababu wanajua mteja atarudi mwakani hana kumbukumbu. Simu zao wanazitumia kusajili barua pepe za watu kwa sababu mteja amekuja na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, isiyo na chaji, na nyuma yake kuna foleni. Wamezitumia mpaka Google inakataa, inasema namba hii imetumika mara nyingi mno. Hapo wanaazima simu ya jirani, muuza viazi karai, na sasa muuza viazi ndiye mwenye ufunguo wa nyaraka za mtu asiyemjua hata jina. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ndivyo kazi inavyokwenda pale huduma inapohamishiwa mtandaoni kwa siku moja na mafunzo yakabaki ya PowerPoint.

Kinachonitisha ni pale mwenye ufunguo asipokuwa kijana wa saiba. Pwani hii wasichana wengi wanakwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Kabla ya kuondoka wanahitaji pasipoti na cheti cha tabia njema, na vyote vinaombwa kwenye eCitizen. Mara nyingi wakala ndiye anayemfungulia msichana akaunti, kwa barua pepe na namba ya simu ya wakala. Msichana akibadili nia, au akitaka kujua pasipoti imefika wapi, hana pa kutazama. Akaunti ni yake kwa jina tu. Mmoja aliketi kwenye kiti cha mbele darasani kwangu akijaribu kuingia, na zile namba za siri za SMS zikawa zinatumwa kwa mtu ambaye tayari alikuwa hapokei simu zake. Tangu siku hiyo, msichana akiniambia anasafiri, somo la kwanza ni akaunti yake mwenyewe, kwa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Excel itamngoja.

Basi tulibadilisha mambo kidogo kidogo, bila kuomba ruhusa ya mtu. Vijana wakaendelea na pakeji zao mchana. Asubuhi mbili kwa wiki tukaweka meza moja ya watu wazima, na sharti ni moja: uje na shida yako halisi. Cheti cha kuzaliwa, ritani, fomu ya mtoto anayejiunga na chuo. Tutaifanya pamoja, lakini kibodi ni yako. Mimi sigusi.

Hilo la kutogusa ni gumu kuliko linavyosikika. Mama anatafuta herufi ya K kwa dakika nzima, kidole kimoja kiko hewani, na mkono wangu unawasha. Ningeandika sentensi yote kabla hajamaliza jina. Nilijifunza kuweka mikono nyuma ya mgongo. Mwenzangu wa kituo, ambaye ana haraka kuliko mimi, alijifunza kushika kikombe cha chai. Ukimwandikia mtu mara moja tu, amekwisha kuelewa kwamba wewe ndiye mwandishi, na wiki ijayo atakuletea kitambulisho chake mkononi kama anavyokipeleka saiba.

Kipanya tulikiacha kwa wengi wao. Mikono iliyozoea jembe na mbuzi ya kukunia nazi haina shida na kazi ndogo ndogo, lakini kitu kinachosukumwa mezani huku macho yakiwa ukutani kinachukua muda, na muda wao ni mfupi. Saa nne wanatakiwa shambani au sokoni. Simu wanayo, au mtoto anayo. Kwa hiyo barua pepe tunaifungua kwenye simu, na kompyuta inakuja baadaye kwa yale mambo ambayo simu haiyawezi vizuri, kama ule ukurasa wa iTax, mfumo wa kodi wa KRA, ambao kwenye skrini ndogo unakusumbua mpaka unaumwa kichwa. Kurasa nyingi ni za Kiingereza. Wanazijua kwa mahali: hiki kisanduku cha juu ni kitambulisho, kile cha kijani chini ni kuendelea. Siku wabunifu wakikihamisha kile cha kijani, darasa zima linaanza upya, na ninawalaani kwa sauti ya chini.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa usalama wa mitandao watanigombeza. Mimi nawaambia watu waandike paswadi zao. Kwenye daftari dogo, kwa kalamu, na daftari hilo likae pale pale linapokaa hati ya shamba na vyeti vya watoto. Ushauri wa "usiandike paswadi popote" ulitolewa kwa watu wa ofisini wanaobandika karatasi kwenye skrini. Mama wa kwetu hatishwi na mdukuzi wa ng'ambo, asiyeweza kufika ndani ya sanduku lake la bati. Hatari yake ni kusahau, kisha kurudi kwa mtu mwingine afunguliwe upya. Hati ya shamba imekaa kwenye sanduku hilo miaka thelathini na haijapotea. Paswadi itakaa pia.

Kwa wale ambao akaunti zao ziko kwa watu, tunaanza kwa heshima. Unakwenda kwa kijana, unamwomba mfungue pamoja. Mara nyingi anakubali bila neno. Ukishaingia unabadilisha namba ya kurejesha akaunti kwanza, kisha paswadi, kisha unatazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti na kuvitoa vyote isipokuwa simu yako. Mpangilio huo una maana: ukibadilisha paswadi tu na ukaiacha namba ya zamani, mwenye namba hiyo anaweza kuirudisha anapotaka. Kisha unakwenda eCitizen na iTax kuhakikisha simu na barua pepe zilizomo ni zako. Kazi yote ni asubuhi moja, ikiwa intaneti inakubali.

Na intaneti si kila siku inakubali. Mwishoni mwa Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zikalala nchi nzima, mimi nilikuwa na darasa. Mzee mmoja aliyekuwa amefika hatua ya kulipa alibonyeza, ukurasa ukakwama. Aliondoa mikono haraka, akaiweka mapajani. "Mwanangu, nimeiharibu." Nikamwambia si yeye. Hakuniamini mpaka redio ya saa saba ilipotangaza. Kwa wiki kadhaa baadaye wenzake walimtania kwamba ndiye aliyezima serikali, na yeye, nadhani, alianza kulipenda jina hilo.

Bima mpya ya afya ilipoanza Oktoba 2024, meza yetu ilijaa kuliko wakati wowote. Usajili wa SHA, mamlaka inayosimamia bima hiyo, unaweza kufanyika hata kwa kabambe, kwa *147#, na watu walisajiliwa kwa wingi sokoni, kwenye baraza ya chifu, kila mahali. Lakini kwa asiye na mshahara, malipo yanatokana na majibu yake: nyumba ni ya aina gani, mwanga unatoka wapi, una nini. Kiwango ni asilimia 2.75 ya kipato kinachokadiriwa, na hakishuki chini ya Sh300 kwa mwezi. Mzee mmoja mgema alikuja na kiasi ambacho hata mwenye duka angekilalamikia. Tukafungua majibu yake pamoja. Nyumba ya mawe, stima, mambo mengi. Nyumba ile ni ya mwanawe anayefanya kazi bandarini. Yeye anaishi kwenye chumba cha udongo nyuma. Aliyemsajili hakumuuliza. Alijaza alivyoona kwa macho, au alijaza sawa na mtu aliyetangulia, maana foleni ilikuwa ndefu. Hapo mzee hakuhitaji mhadhara kuhusu umuhimu wa TEHAMA. Alivuta kiti, akaniambia, "Haya, nisomee swali moja moja, nijibu mwenyewe."

Ripoti yetu ya kila mwezi ina safu ya jina, umri, jinsia na cheti. Yule mzee hana safu. Mama wa makuti hana safu. Nikiwaandika wote kama "waliohudhuria bila kuhitimu", kituo kinaonekana kinashindwa. Nikiwaacha, kinaonekana kitupu asubuhi. Nimewahi kuuliza ofisi husika kama tunaweza kuongeza safu ya "aliyekamilisha huduma kwa mkono wake", nikaambiwa fomu imetoka juu. Wafadhili wa juu wanapenda vijana, na vijana wanastahili. Lakini hata hao vijana nimeona walivyoumia. Kundi moja la wanafunzi wangu lilikuwa likifanya kazi za mtandaoni za kuweka alama kwenye picha, wanalipwa kwa dola, tukawapiga picha kwa ajili ya ripoti. Asubuhi moja jukwaa likafunga akaunti za Kenya, na pesa ambazo wengine hawakuwa wamezitoa zikaingia utata. Picha bado iko kwenye ripoti.

Fedha za kujenga hupatikana kwa urahisi kuliko fedha za kulipia intaneti. Kuna utepe wa kukatwa siku ya kuzindua jengo. Hakuna utepe wa bili ya mwezi wa tisa. Kituo chetu kimewahi kukaa na kompyuta nzuri na tokeni za stima zimeisha, tukafundisha kwa simu zetu na bando zetu. Kwa hiyo mtu akiniuliza vile vituo vya wadi 1,450 viwe na nini, sitaanza na kompyuta. Kompyuta tano zinatosha. Kiwe na bili iliyolipwa mwaka mzima, printa yenye wino, na mtu mmoja anayelipwa mshahara wa kukaa na watu wazima bila haraka. Na wale vijana wa saiba waitwe, wapewe siku mbili za mafunzo ya kumfungulia mteja akaunti kwa namba ya mteja, na walipwe posho ya kuja. Wao ndio wanaowapokea watu wengi kwa siku kuliko sisi kwa wiki, na Sheria ya Ulinzi wa Data ipo tangu 2019, ila hakuna aliyewasomea. Wawili wa stendi wameshaanza wenyewe: mteja akifika, wanamgeuzia kibodi kwenye sehemu ya paswadi na wao wanatazama barabarani.

Kwa walio karibu nasi, meza ya watu wazima iko Jumanne na Alhamisi asubuhi. Njoo na kitambulisho, simu iliyo na chaji na daftari lako. Na kama barua pepe yako ilifunguliwa na mtu aliyekwisha kuhama, njoo mwezi wa Mei. Kuanzia katikati ya Juni mfumo wa ritani unakuwa mzito, na foleni yetu inafika barabarani.